Hesabu Waliopona, Si Waliozaliwa: Hotuba kwa Wafugaji wa Mbuzi na Kondoo

Hotuba hii ilitolewa Ngaramtoni, mkoani Arusha, mbele ya wafugaji wa mbuzi na kondoo kutoka Arumeru, Monduli, Longido na Siha. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Mifugo wa Kata, wazee wetu wa maboma, akina mama, na ninyi vijana mnaotembea na mifugo kutwa nzima: wazee wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie misingi ya ufugaji wa mbuzi na kondoo. Kila ninapopita kwenye maboma huwauliza wafugaji maswali mawili, na leo nitawauliza na ninyi. La kwanza: mwaka jana mbuzi wako walizaa vitoto vingapi? Hilo karibu kila mtu hulijibu papo hapo. La pili: kati ya hivyo, ni vingapi vilifika miezi minne, vikaacha kunyonya vikiwa hai na vyenye afya? Hapo mfugaji humgeukia mkewe, mkewe humgeukia kijana wa kuchunga, na mara nyingi jibu halipatikani.

Ndugu zangu, jibu la swali hilo la pili ndilo kipimo cha ufugaji wetu. Mbuzi aliyezaliwa akafa baada ya wiki tatu amekula nguvu za mama yake, amekula miezi mitano ya mimba, na hakuacha kitu. Ndiyo maana leo nasema, na nitarudia kusema: hesabu waliopona, si waliozaliwa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kuwachukulia mbuzi na kondoo kama mifugo ya kujitafutia. Ng'ombe akikohoa, mtaalamu anaitwa usiku huohuo. Mbuzi akikohoa, anaangaliwa tu mpaka apone au achinjwe. Lakini ada ya shule hulipwa na nani? Nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali hutoka wapi? Katika ukame mkali wa mwaka 2009, ng'ombe walipokuwa wakianguka Longido, Monduli na Ngorongoro, ni nani waliobaki wakikwanyua majani ya migunga na kuziweka familia zetu hai? Mnyama anayetubeba namna hiyo anastahili kuangaliwa kabla hajaugua.

Nianze na mama, kwa sababu uhai wa kitoto huamuliwa kabla hakijazaliwa. Mimba ya mbuzi na ya kondoo huchukua takriban siku 150. Katika wiki sita za mwisho kitoto huongezeka sana, hata karibu asilimia 70 ya uzito wake wa kuzaliwa hupatikana katika kipindi hicho kifupi. Tumbo la mama limejaa mimba, nafasi ya chakula imepungua, na mahitaji yake yamepanda. Je, wakati huo huwa tunampa nini? Wengi wetu humpa kilekile anachopewa beberu asiye na kazi.

Upo mpango ambao mimi nauamini kwa ukanda wetu huu. Mwezi Juni masika imekwisha, majike yamenenepa, na jike lililonenepa hushika mimba kwa urahisi na mara nyingi hubeba mapacha. Likipandwa Juni litazaa Novemba, vuli ikiwa imeingia na majani yakichipua, kwa hiyo maziwa yatakuwepo. Likipandwa Februari litazaa Julai, katikati ya baridi, na ninyi mnaokaa kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro mnajua Julai huwafanya nini vitoto: homa ya mapafu huvimaliza. Wazee wa Kimasai wanalielewa jambo hili tangu zamani, ndiyo maana humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asipande wakati usiofaa. Vijana, msione haya kuiendeleza desturi hiyo, kwa maana ni njia ya kupanga uzazi isiyo na gharama yoyote.

Gharama ya mpango huu iko Septemba na Oktoba, wakati mimba imekua na malisho yamekauka. Kwa hiyo lazima uwe umejiandaa. Wa nyanda za chini, tunzeni alalili yenu, yaani malisho mnayoyatenga kwa kiangazi, na okoteni matunda ya migunga yanapodondoka, muyahifadhi mahali pakavu. Wa juu, mnaofungia mbuzi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na kuwakatia majani, pandeni miti ya malisho kama lukina, kaliandra na miforosadi kwenye mipaka ya shamba na kingo za matuta. Lukina ni chakula kizuri sana, ila isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, maana ina sumu inayodhuru ikizidi. Jike lenye mimba kubwa liongezeeni pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, robo hadi nusu kilo kwa siku, mkianza kidogokidogo ili tumbo lizoee. Pumba nyingi kwa ghafla huua.

Naomba niingize hapa neno moja kwa wenye kondoo. Msiwape kondoo madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, kuku au nguruwe. Kondoo hawezi kuvumilia shaba nyingi. Shaba hiyo hujikusanya kwenye ini lake kimyakimya, na siku moja anakufa ghafla akiwa amenona. Muulize muuza dawa za mifugo jiwe la chumvi la kondoo, na asipojua tofauti yake, nenda duka jingine.

Sasa kitoto kimezaliwa. Alikuwepo mama mmoja wa Machame aliyefuga mbuzi wa maziwa ndani ya kihamba, na kila uzao alikuwa akipoteza kitoto kimoja au viwili. Alijenga banda, alinunua dawa, aliombewa, na bado vilikufa. Mtaalamu alipofika alikaa naye usiku mbuzi alipozaa, na akaona jambo ambalo mama yule alilifanya kwa nia njema kabisa: alikamua dang'a yote akaimwaga, kwa kuwa aliambiwa na waliomtangulia kwamba maziwa yale mazito ya njano ni machafu na yataharisha kitoto. Kitoto kikaachwa mpaka asubuhi maziwa yawe meupe.

Wapendwa, dang'a ndiyo chanjo ya kwanza ya kitoto. Mbuzi na kondoo hawapitishi kinga kwa mtoto akiwa tumboni. Kinga yote iko katika yale maziwa ya kwanza. Tena utumbo wa kitoto huipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu: saa sita za mwanzo hupokea vizuri sana, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Kitoto cha kilo mbili kinahitaji angalau mililita 200 katika siku hiyo ya kwanza, yaani karibu glasi moja. Mama akifa au akikosa maziwa, tafuta dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa, au hata ya ng'ombe wako. Kitovu kichovye kwenye aidini. Kitoto kikaushe, kilaze mahali pakavu pasipo na upepo wa chini. Mama yule wa Machame hakubadilisha banda wala dawa. Alichoacha ni kumwaga dang'a, na uzao uliofuata vitoto vyake vilikua.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu linatuibia mifugo kuliko fisi na chui wote wa mkoa huu: minyoo. Na katika minyoo, yuko mmoja anayekaa kwenye tumbo la mwisho na kunyonya damu. Jike lake moja hutaga mayai zaidi ya elfu tano kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na kukiwa na joto na unyevu, baada ya wiki moja hivi huwa ni viwavi vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupanda kwenye jani la nyasi pamoja na umande na kusubiri kuliwa.

Sasa niambieni, mbuzi anayefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi wakati wa masika, nyasi zikiwa zimelowa, anakula nini? Na mbuzi anayefungwa kamba mahali pamoja siku tatu mfululizo, akala mpaka udongoni, anakula nini? Viwavi wengi hukaa chini, karibu na ardhi. Kwa hiyo subiri umande ukauke ndipo ufungue zizi. Usiache nyasi ziliwe mpaka mzizi. Mwache mbuzi ale majani ya vichaka, kwa kuwa huko juu ndiko alikoumbiwa kula. Kondoo ndiye mla nyasi, na ndiye wa kuhamishwa malisho mara kwa mara.

Namna ya kumtambua mwenye minyoo hiyo haihitaji maabara. Mfunue kope la chini la jicho. Ngozi ya ndani ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa ya waridi iliyofifia, jihadhari. Ikiwa nyeupe kama karatasi, mnyama huyo amebakiza siku chache. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganishia jicho, kuanzia moja nyekundu hadi tano nyeupe, na inatumika duniani kote. Dalili nyingine ni uvimbe laini chini ya taya, ambao huonekana jioni mnyama anaporudi malishoni.

Kwa nini nasisitiza kuangalia jicho la kila mnyama? Kwa sababu mazoea yetu ni kununua chupa moja na kunywesha kundi zima, kila mmoja funda moja, mkubwa kwa mdogo. Mzee mmoja wa Monduli, mtu makini na mwenye kundi kubwa, aliwanywesha wanyama wake dawa ileile kwa miaka mingi, na ili chupa itoshe alikuwa akipunguza kipimo. Mwishowe dawa ikakataa kufanya kazi. Akalaumu kiwanda, akabadilisha duka, akanunua ileile kwa jina jingine. Dawa haikuwa mbovu. Kila alipotoa kipimo pungufu, minyoo dhaifu ilikufa na sugu ikabaki kuzaana. Alipofundishwa kuangalia macho, aligundua kwamba wanyama waliohitaji dawa walikuwa sehemu ndogo tu ya kundi, na waliokuwa wakiumwa kila msimu walikuwa walewale na watoto wao. Hao akawauza. Hiyo ndiyo hekima: mpe dawa anayehitaji, mpe kipimo kamili kulingana na uzito wake, na anayerudiarudia kuugua usimbakize kuwa mzazi. Jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba usimpe dawa ya minyoo kabla ya kumuuliza mtaalamu, kwa kuwa baadhi ya dawa zinazotumika sana hudhuru mimba changa.

Na hapa niseme jambo kuhusu kondoo wetu mwekundu wa Kimasai. Kondoo huyu ana uwezo wa kuhimili minyoo hii kuliko kondoo wengi wa kigeni, na watafiti wamelithibitisha hilo kwa miaka mingi. Sisi tumekimbilia Dorper wa Afrika Kusini kwa sababu ya ukubwa wake, na sikatai, ukubwa una bei mnadani. Lakini mvua ikinyesha mfululizo, ni nani anayeanza kuvimba taya? Chotarisheni kwa kiasi, lakini naomba kwa moyo wangu wote, msimalize kundi la majike mekundu halisi. Likishapotea, hatutalipata kwa kununua.

La tatu ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Ivory Coast mwaka 1942, na hapa kwetu ulithibitishwa mwaka 2008 huko Ngorongoro. Mnyama hupata homa kali, macho na pua hutoa makamasi, mdomo hujaa vidonda, kisha huharisha na kupumua kwa shida. Unasababishwa na virusi, kwa hiyo hakuna sindano ya kuutibu; sindano tunazochoma hupunguza tu magonjwa yanayodandia. Lakini chanjo ipo, na dozi moja iliyotolewa sawasawa hulinda kwa miaka mitatu au zaidi. Mashirika ya dunia ya chakula na ya afya ya wanyama yamekusudia kuutokomeza ugonjwa huu duniani ifikapo 2030, kama ilivyotokomezwa sotoka ya ng'ombe. Serikali yetu nayo ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo mwaka 2025, na ugonjwa huu umo.

Nimesema dozi iliyotolewa sawasawa. Kikundi kimoja cha vijana kilichanga fedha, kikanunua chanjo mjini, na mmoja wao akaipakia kwenye mfuko wa koti, akapanda bodaboda, akafika kijijini saa nane mchana. Mbuzi wote walichanjwa. Baada ya miezi michache ugonjwa uliingia ukawafagia, na kijiji kizima kikaapa kwamba chanjo huua mbuzi. Chanjo ilikuwa imekufa njiani kwa joto. Chanjo husafiri ndani ya boksi lenye barafu, na ikishachanganywa na maji yake hutumika haraka, haiwekwi kiporo. Kama aliyekuja kuchanja hana barafu, mrudishe na uwe na ujasiri wa kumrudisha.

Jingine: mlango mkuu wa sotoka ni mnyama mgeni. Unanunua beberu mzuri kwenye mnada wa Meserani au Weruweru, na usiku huohuo unamlaza na kundi. Mtenge wiki tatu mahali pake, na maji yake, na mchungaji wake. Vilevile msichanganye sotoka na homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo huwapiga mbuzi peke yao na kuwaacha kondoo. Ukiona mbuzi wanakohoa na kufa huku kondoo wa zizi lilelile wakiwa wazima, mweleze mtaalamu jambo hilo, maana litamsaidia sana kuujua ugonjwa.

Sasa wazee wangu, la nne linatuhusu sisi wenyewe na mbwa wetu. Nani hapa hajaona mbuzi au kondoo anayezunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande mmoja, akigonga miti kana kwamba haoni? Wamasai wanauita ormilo. Wako wanaodhani ni uchawi, na wako wanaodhani amekula jani baya. Nilimsikia kijana mmoja wa Longido akieleza kwamba katika zizi la baba yake waliwapoteza namna hiyo mwaka hata mwaka, na kila aliyezidiwa alichinjwa, nyama ikaliwa, kichwa wakatupiwa mbwa.

Kichwa wakatupiwa mbwa. Hapo ndipo penye ugonjwa. Ndani ya ubongo wa mnyama yule mna mfuko wa maji wenye vichwa vya tegu, aina ya mnyoo. Mbwa akiula, tegu hukua utumboni mwake, na baada ya wiki sita hivi mbwa huanza kutoa mayai kwenye kinyesi malishoni. Kondoo na mbuzi huyala pamoja na nyasi, kiluwiluwi husafiri hadi kwenye ubongo, na miezi kadhaa baadaye mnyama anaanza kuzunguka. Anachinjwa, na kichwa wanatupiwa mbwa tena. Tunaulisha ugonjwa huu kwa mikono yetu.

Kuukata ni rahisi na hakuhitaji fedha nyingi. Kichwa cha mnyama aliyezunguka kichomwe moto mpaka kiteketee, au kizikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mbwa wote wa boma wapewe dawa ya tegu kwa ratiba ya mtaalamu, na wakati wa kuwapa wafungwe, ili kinyesi chao kikusanywe na kuzikwa. Lakini boma moja likifanya na la jirani lisifanye, mnafanya bure, kwa kuwa mbwa hajui mipaka. Mwenyekiti, hili ni jambo la kuwekewa makubaliano ya kijiji kizima, na watoto wafundishwe kunawa mikono baada ya kucheza na mbwa, kwa sababu mara chache kiluwiluwi hiki humwingia hata binadamu.

Kuhusu beberu sitakaa sana. Beberu mmoja anawatosha majike 25 hadi 30. Mchague aliyezaliwa pacha, mwenye miguu imara na korodani mbili zilizolingana, na umtazame mama yake: je, alilea watoto wake wote? Beberu akikaa zaidi ya miaka miwili atawapanda binti zake, na hapo ndipo vinapoanza kuzaliwa vitoto dhaifu. Badilishaneni na mfugaji wa mbali, na wote wawili wawe wamechanja. Madume madogo usiyobakiza kwa uzazi yahasiwe au yatengwe kabla ya miezi minne, maana katika umri huo huanza kupanda. Na wanaotaka mbuzi wa maziwa, Saanen au Toggenburg, waanze na majani kwanza ndipo waende kununua mbuzi. Hao ni wanyama wa banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya mbao zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke, na mtu wa kuwakatia chakula kila siku. Mbuzi wa Longido anayetembea kutwa kutafuta maji ni mwingine kabisa, na hakuna aibu kubaki naye.

Mwisho nawaomba kila boma liwe na daftari. Si lazima liwe kubwa. Andikeni tarehe ya kuzaliwa, mama ni nani, kitoto ni dume au jike, na kilipofika miezi minne kilikuwepo au hakikuwepo. Asiyeandika, mtoto wake anayesoma atamwandikia. Daftari hilo ndilo litakalowaonyesha jike la kuuza na jike la kubakiza, maana leo tunauza kwa shida: mtoto amefukuzwa shule, tunamshika mbuzi aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mpole, mwenye maziwa, mama bora wa zizi. Panga mauzo yako. Desemba, watu wanaporudi Kilimanjaro kwa sikukuu, kila ukoo unatafuta mbuzi. Idd el-Hajj madume makubwa hutafutwa. Dume lililohasiwa na kunenepeshwa kwa siku hizo, na kupimwa kwenye mizani badala ya kukadiriwa kwa macho na dalali, hulipa ada ya muhula bila kumgusa mama yeyote.

Baada ya chai tutatoka nje, kwenye mbuzi waliofungwa nyuma ya ukumbi. Bwana Mifugo ameleta kadi ya rangi za macho na mizani ya kuning'iniza. Naomba kila mmoja wenu, na hasa vijana wa kuchunga, afunue macho ya angalau mbuzi mmoja kwa mikono yake mwenyewe, atamke rangi aliyoiona, kisha ampime uzito na kusema dawa atakayompa ni kiasi gani, au kama hastahili kupewa dawa kabisa. Wawakilishi wa vijiji wabaki na Mwenyekiti ili tuandike majina ya maboma yenye mbwa na tukubaliane siku moja ya kuwapa wote dawa ya tegu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.